Kofia ya Samurai ya Chang'ombe

Nyie mnaoanza kazi hii ya kutengeneza vitu vya uongo ili vionekane vya kweli, nawaomba mjifunze kwanza kuchungulia ndani ya kofia. Nje kila mtu anapaona. Mimi nilisoma sanaa za maonyesho chuo kikuu, nikaandika tasnifu ndefu kuhusu mavazi ya jukwaani, ambayo nina hakika aliyeisoma yote ni mchapaji peke yake, na bado ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba kofia ina ndani.

Sasa nimeacha kazi. Uzee bado, nina umri ule ambao muuza matunda anakupa shikamoo huku mkeo anakuuliza utakua lini. Kilichostaafu ni kifua. Daktari alisema gundi na rangi basi, nikatii. Siku hizi nakaa nyumbani Sinza, katikati ya baa mbili zinazoshindana kwa muziki, na vijana wa vikundi vya maigizo wananijia na maswali. Swali linalorudi kila mara linahusu picha iliyoko ukutani sebuleni: mtu amepiga magoti, kichwani ana kofia nyeusi ya vita yenye mabawa.

"Mzee, hii mliagiza mtandaoni?"

Hatukuagiza. Ilianza maisha yake kama helmeti ya ujenzi, ile ya njano mnayoiona vichwani mwa watu wanaomwaga zege. Ngoja niwaeleze ilivyofika pale, maana njiani niliharibu karibu kila kinachoharibika.

Samurai walikuwa askari wa mabwana wa Japani ya kale. Kofia yao ya vita huitwa kabuto. Ina bakuli la chuma lenye mbavu, kipaji kinachotoka mbele juu ya macho, sketi ya vibamba vinavyopandana ili kulinda shingo, na kando ya uso mabawa mawili yaliyokunjwa kuelekea nyuma. Mbele kabisa huwekwa pambo la kumtisha adui. Haya yote niliyapata kwenye picha za simuni, na picha, kama mtakavyojionea, hazikwambii chochote kuhusu jasho.

Aliyeitaka kofia hiyo ni Mama Esta, mwalimu mstaafu wa Tegeta aliyeongoza kikundi chetu kana kwamba bado yuko darasani. Alikuwa ameandika mchezo kuhusu bwana mmoja wa Kijapani anayekwenda kwenye vita asivyovitaka, na kabla ya kuondoka anamuaga mama yake. Nilimuuliza kwa nini Japani, wakati machifu tunao.

"Nikimweka chifu wa kwetu Mbeya, watani wataniuliza namsema nani," alisema. "Nikimweka wa kwenu Pwani, nyie mtasusia ukumbi. Mjapani hana mtani hapa Tegeta. Nenda katengeneze kofia."

Bwana huyo angechezwa na Idrisa, mtu wa Temeke, rika langu, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha misumari. Mashine za kule zilimla masikio taratibu. Ukimsemesha akiwa anakutazama, anakujibu vizuri tu, kwa sababu anasoma midomo. Akigeuka, umempoteza. Mashine za kusaidia masikio alizikataa. Alisema ni za wazee. Kwa hiyo kikundini alikuwa hodari wa kufa. Tulimpa walinzi na maiti, kwa sababu mlinzi anasimama tu na maiti hahitaji kusikia zamu yake. Hakuna mtu aliyelala chini vizuri kama Idrisa. Lakini alikuwa na uso ambao watu walipenda kuutazama hata akiwa amekufa, na hatimaye Mama Esta akampa nafasi kubwa.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye kuaga. Mama anatoa radhi kwa sauti ya chini kabisa: "Nenda, mwanangu. Rudi na kichwa chako." Mwana anajibu: "Nitarudi nacho, mama." Radhi ya mama haipokelewi kwa kumkodolea macho. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, unatulia. Mtu yeyote aliyelelewa Pwani anajua hivyo, na wa Mbeya pia, na nadhani wa Japani vilevile. Idrisa alizoea kuiba jicho moja kutoka chini ya nyusi, anaiona midomo ya Mama Esta, aliyecheza mama mwenyewe, anajua zamu imefika. Mazoezini hakukosea.

Kisha mimi nikaleta kofia.

Ile ya kwanza niliitoa kwenye helmeti ya bodaboda, kwa sababu ilikuwa nzito, na chuo kikuu walinifundisha kwamba mwigizaji hukaa vizuri akibeba uzito wa kweli. Nilikata sehemu ya kidevu kwa msumeno wa chuma. Hilo zingatieni: msumeno wa mkono. Niliwahi kutumia wa umeme, plastiki ikayeyuka, ikaugandia msumeno, na jirani akaja kuuliza nachoma nini. Nikaweka kipaji, nikaweka mabawa, nikapaka rangi. Ilipendeza sana. Nilijipiga nayo picha.

Idrisa aliivaa, akapiga magoti, akainama. Mama Esta akatoa radhi. Kimya. Akarudia. Kimya. Kipaji kilikuwa kimeficha midomo, na sponji ya ndani ilikuwa imeziba masikio yaliyosalia. Idrisa aliendelea kuinama kwa heshima kubwa mpaka mtu alipomgusa bega.

Alipoivua, uso ulikuwa umelowa. "Humu ndani nasikia pumzi zangu tu," alisema.

Mama Esta alinivuta mpaka mwisho wa ukumbi. "Wiki ijayo tunafanya mazoezi kamili. Akipitwa tena, yule kijana Joel atacheza bwana, yeye atarudi ulinzini. Sina nia mbaya, baba, ila siwezi kumuaga mtu asiyejua kama ameagwa."

Alisema kwa kunong'ona. Nilipogeuka, Idrisa alikuwa anatutazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Maneno yote aliyaona kwenye midomo ya Mama Esta.

Tulipofika kituo cha daladala, Idrisa akasema, "Mie nishakufa sana, kaka. Safari hii nataka niage kwanza."

Basi nikaenda Chang'ombe kwa Fundi Sefu. Huyu alikuwa fundi wa bati, mtengenezaji wa majiko na masanduku ya wanafunzi, na mtu aliyejisifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Ukimwonyesha picha ya ndege ya abiria angekwambia mabawa yake yamepigwa vibaya. Nilijifunza mengi kwake, na mengine nilijifunza kwa kutomsikiliza.

Alitazama picha ya kabuto simuni, akaipanua kwa vidole. "Japani, Japani. Nyundo ni nyundo. Hii helmeti yako ya pikipiki itupe."

"Kwa nini?"

"Imejaa godoro. Umemlaza mtu kichwa."

Hapo alikuwa sahihi. Ilikuwapo helmeti ya ujenzi juu ya rundo la mabati, tukaipindua. Ndani hakuna sponji. Kuna mikanda inayopishana ambayo inakaa kichwani, na bakuli lenyewe linaning'inia juu bila kugusa nywele. Masikio yako nje kabisa. Nilikuwa nimepita mbele ya majengo yanayojengwa maisha yangu yote, sikuwahi kujiuliza kwa nini wajenzi wanaweza kutukanana kutoka ghorofa ya tano na bado wakasikilizana.

Mbavu za bakuli nilizifanya kwa kamba ya manila, nikaibandika kutoka utosini kushuka chini, kisha nikafunika kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa ngano. Kabla ya kubandika chochote kwenye plastiki, ikwaruzeni kwa msasa mpaka isiteleze. La sivyo kazi yenu itabanduka mbele za watu, na siku zote hubanduka wakati wa huzuni. Kati ya mbavu kulitakiwa safu za vichwa vya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati. Mimi, msomi, nikabandika mbaazi. Ziliingia rangi vizuri, zikawa kama chuma kabisa. Asubuhi nikakuta samurai amepata ndui: panya walikuwa wamekula ribiti zote za upande wa kushoto na kuonja za kulia.

"Ungeweka na nazi," Fundi Sefu alisema.

Tangu hapo ribiti nadondosha kwa gundi ya mbao, tone moja moja, naacha likauke. Panya hawaitaki. Na rangi, chukueni rangi ya ubao, ile nyeusi ya mashuleni. Haing'ai kijinga chini ya taa kama rangi ya geti.

Sketi ya shingo ndiyo iliyotugombanisha. Fundi Sefu alishikilia iwe ya bati. Alikata madebe ya mafuta ya kula, akakunja kingo zisikate mtu, akatoboa matundu, mimi nikavifunga vibamba kwa kamba nyekundu za viatu, kimoja juu ya kingine. Kazi safi. Idrisa alipoivaa na kugeuza shingo, ililia kama kabati la vyombo linalohamishwa.

"Vita hiyo," Fundi Sefu alisema. "Vita ina kelele."

"Fundi, huyu hasikii vizuri."

"Si ndiyo! Basi haimsumbui."

Idrisa alikuwa amemwangalia mdomoni. "Inanisumbua mie kuliko wewe," alisema. "Wewe una sauti nyingi, moja ikifunikwa unabaki na nyingine. Mie ninayo moja tu, nayo unaifunikia na debe."

Fundi Sefu aliichukua sketi, akaanza kuifungua kamba mwenyewe, kimyakimya, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuomba radhi hadharani. Tukatengeneza nyingine kwa madumu ya plastiki. Mnakata vipande, mnavitia kwenye karai la maji ya moto mpaka vilegee, mnavikunja juu ya chupa, mnavimwagia maji baridi. Vikiwa vimefungwa kwa kamba iliyolegea kidogo, havina sauti zaidi ya kanga kwenye kamba ya kuanikia.

Pambo la mbele nalo lilikuwa na vikao vyake. Ukumbi tulioazima Tegeta ulikuwa wa parokia, na mtunzaji wake alipoona nimechora pembe alisema, kwa upole kabisa, kwamba pembe haziingii humo. Nikapendekeza mwezi mwandamo, ambao Wajapani wenyewe waliupenda. Akafikiri. "Mwezi nao, ndugu, majirani zetu wa msikitini watasema tumewachukulia." Nikamwonyesha mfuniko wa sufuria. Jua. Jua halikuwa na dhehebu, tukalipitisha.

Yakabaki mabawa. Kwenye picha yanaanzia kando ya uso na kukunjwa kwenda nyuma, yakifunika masikio kwa nje. Nilijua yatatuharibia, lakini kabuto bila mabawa ni bakuli tu. Tulikuwa tumekaa karakanani, Fundi Sefu anasimulia jinsi alivyomfundisha kazi mtu ambaye sasa ana duka kubwa, na Idrisa, kwa sababu nyundo za jirani zilikuwa zinapiga, aliweka kiganja nyuma ya sikio akamwinamia.

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara zisizo na idadi. Lakini safari hii nilikuwa nimeshika bawa la karatasi mkononi, la ukubwa uleule wa kiganja.

"Idrisa, usitoe mkono." Nikaweka karatasi pale ulipokuwa mkono. "Fundi, endelea."

"Niendelee nini? Mnanichezea?"

"Nimesikia 'mnanichezea'," Idrisa alisema, akiangalia ukutani.

Fundi Sefu aliacha hadithi yake. Alikata kipande cha alumini, akakipiga bapa. Bapa halikufaa kitu. Akakibonyeza kidogo katikati, kama upawa usio na kina. Afadhali. Akakizamisha zaidi kama bakuli la uji. Hapo Idrisa akakunja uso: alisema sasa sauti zinavuma kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tukarudi nyuma. Tulijaribu kukisogeza mbele, nyuma, kukiinamisha, na kila badiliko dogo lilileta kitu kipya. Upande mmoja tulibandika kitambaa tukaona tumepoteza sauti, tukakibandua. Sikuwa tena nakumbuka mchezo wala Mama Esta. Nilitaka tu kujua sikio linataka nini. Nawaambieni, katika miaka yangu yote ya kazi, hapo ndipo nilipofurahi zaidi.

Jaribio la mwisho, Idrisa alikaa akiwa amevaa kofia, kichwa kimeinama. Fundi Sefu alisimama mbele yake kwa mbali, akafunika mdomo kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia," Idrisa alisema.

"Umesikia nini?"

"Umesema natembea kama bata aliyefiwa."

"Hukusikia. Umekisia."

"Nani anakisia bata aliyefiwa?"

Fundi Sefu alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa hiyo mabawa ya kabuto yetu yalifunguka kwa mbele, kama viganja viwili nyuma ya masikio, kinyume kabisa na picha. Mjapani yeyote anayejua mambo yake angetukamata. Mama Esta alipoyaona alizunguka kofia nzima, akagusa moja kwa kidole.

"Mbona yako hivi?"

"Mtindo wa mkoani," nilisema.

Kwenye mazoezi kamili Idrisa alijibu radhi mara moja. Mama Esta alitikisa kichwa kukubali, lakini akaongeza, "Ukumbi mtupu bado si ukumbi." Na siku ya onyesho Joel alikuwa nyuma ya pazia, amevaa mavazi ya mlinzi, mistari yote ya bwana iko kichwani mwake. Alikuwa kijana mwema, hakuwa na kosa. Ndiyo maana nilishindwa hata kumchukia.

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Feni zilikuwa zinanguruma, watoto wanatafuna karanga, mtu wa nyuma simu yake inalia na anaipokea kueleza kwamba hawezi kuipokea. Mstari wa mbele alikaa Zainabu, mke wa Idrisa, na wanawake wa mtaani kwao. Huyu Zainabu mnapaswa kumjua kwa sauti. Alizungumza na mumewe kwa kupaza, kwa sababu ilibidi, na baada ya miaka mingi alizungumza na dunia yote hivyo hivyo.

Idrisa aliingia. Watu wakasema "Aah!", ile ya kweli, na mimi nyuma ya pazia nikawa mwanafunzi tena. Kisha akapiga magoti mbele ya mama, akainama. Jua la sufuria likashika taa. Mama Esta aliweka mkono juu ya bega lake, akatoa radhi kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa pembeni niliikamata nusu.

"Nenda, mwanangu. Rudi na kichwa chako."

Idrisa hakujibu.

Nilihesabu feni. Joel alinitazama. Mama Esta hakuweza kurudia, maana mama anayetoa radhi mara mbili ameiharibu ya kwanza. Mkono wake ulibaki begani, niliona vidole vinakaza. Ukumbi ulinyamaza, hata wa karanga. Watu walidhani ni mchezo. Mimi nilijua ni feni, na watu, na bati langu, na kwamba nimemrudisha mtu kwenye umaiti mbele ya mkewe.

Kisha Idrisa akainua kichwa taratibu. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nitarudi nacho, mama," alisema.

Mwanamke mmoja wa mstari wa pili alianza kulia, na kilio cha ukumbini huambukiza. Mchezo ulikwenda mpaka mwisho wake bila mtu kukumbuka simu.

Tulipomvua kofia nyuma ya pazia, Mama Esta alimshika mikono yote miwili. "Ulinitisha, baba. Hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri. Nilikuwa nafungua mdomo nikujibu." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Ndipo nikamsikia Zainabu. Alikuwa ananong'ona, peke yake. 'Itikia, baba Asha. Itikia, mume wangu.' Alidhani sijasikia, anaogopa kwa ajili yangu." Akakikunja kile kitambaa. "Yule mwanamke huniita kwa kelele tangu mashine zilipoharibu masikio yangu. Nilikuwa nimesahau ana sauti ya chini. Nikasema ngoja, labda atasema tena."

Mama Esta alimwachia mikono, akaenda kutafuta jambo la kumgombeza Joel.

Nilitaka kuichukua kofia niirudishe Chang'ombe ikapigwe rangi ya pili, lakini Idrisa alikwishaivaa tena. Alitoka nayo hivyohivyo, na kanzu yake ya kawaida, mpaka nje ya ukumbi ambako Zainabu alikuwa anamsubiri na wenzake. Wale wanawake waliangua kicheko kumwona. Zainabu alikuja kwa kasi, mdomo umeshafunguka kupaza sauti kama kawaida yake, na Idrisa akainua kidole kumzuia. Akamwinamia, akamwelekezea mabawa.

Zainabu alitazama huku na huku kwa haya. Halafu akasogea, akasema kitu. Nilikuwa karibu nao, na nina masikio mazuri, lakini sikusikia hata neno moja. Idrisa alicheka.